Mtoto Aliyesimamishwa Katikati

Tafakari ya wiki. Somo kuu: Marko 9:33–37



Walipofika Kapernaumu na kuingia nyumbani, Yesu aliwauliza wanafunzi wake walikuwa wakibishania nini njiani. Hakuna aliyejibu. Walikuwa wameshindania ukubwa, kila mmoja akijipima na mwenzake, na sasa aibu ilikuwa imewafunga midomo. Bwana akaketi, akawaita wale kumi na wawili, akamchukua mtoto mdogo na kumsimamisha katikati yao, akamkumbatia. Ndipo akasema.

Tumezoea kukimbilia yale maneno aliyoyasema. Leo nawaomba tubaki kwanza kwenye tendo lenyewe. Wanaume kumi na wawili, ambao mioyo yao ilikuwa juu kwenye vyeo, wanalazimika kuinamisha macho. Na yule mtoto, ambaye mpaka dakika ile hakuna aliyekuwa na habari naye, ndiye sasa anayetazamwa na wote. Marko hakutuandikia jina lake. Hakutuambia aliona nini siku ile, wala aliikumbuka vipi alipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Lakini alikuwamo, na alikuwa na macho na masikio kama wao.

Mtoto aliona nini? Swali hili kanisani hatuliulizi mara nyingi. Wapo vijana wanaoliuliza kwa bidii kubwa, nao ni wale wanaosomea utengenezaji wa filamu. Nataka tujifunze kwao wiki hii, kwa maana naamini Bwana anaweza kulifundisha Kanisa lake hata kwa kamera ya mwanafunzi.

Ukifuatilia kazi za vyuo vya filamu, utakuta jambo hili linajirudia: kijana anapopewa nafasi ya kutengeneza filamu fupi ya kwanza, au ile ya kuhitimia, mara nyingi anarudi utotoni. Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Fedha ni kidogo. Vifaa ni vya chuo na vinatumika kwa zamu. Wafanyakazi ni wanafunzi wenzake: leo huyu anaongoza na yule anashika maikrofoni, wiki ijayo wanabadilishana. Nyumba ya bibi haina kodi ya kulipa. Dakika kumi hazitoshi kusimulia vita vya nchi mbili, lakini zinatosha kusimulia mchana mmoja wa mtoto aliyekuwa akimngoja baba yake. Sababu nyingine ni ya ndani zaidi. Mtu anayejifunza kusimulia hutafuta kwanza kile alichokiona kwa macho yake mwenyewe, na kijana wa miaka ishirini na kitu hana nchi nyingine aliyoishi muda mrefu kuliko utoto wake.

Anapofika kwenye kazi yenyewe, anagundua jambo ambalo sisi wazazi na walezi tunalisahau. Kamera ikiwekwa kwenye kimo cha mtu mzima, mtoto anaonekana utosi wa kichwa tu, kitu kidogo kilicho chini. Basi inambidi kijana ashushe miguu ya kamera mpaka ifike kwenye macho ya mtoto, na yeye mwenyewe apige magoti au alale sakafuni. Toka hapo chini dunia inabadilika. Watu wazima wanakuwa mikono, mikanda, viatu, pindo la gauni linalopita. Meza inakuwa paa. Ugomvi wa chumba cha pili unasikika kama sauti zisizo na maneno, na mtoto anajua maana yake hata hivyo. Mwongozaji hawezi kumpa mtoto huyo kurasa za maneno akariri kama mwigizaji mkubwa. Anamweleza kidogo kidogo, anampa kitu cha kushika, anamngoja. Saa za kazi zinafupishwa kwa sababu mtoto huchoka. Kila mtu mahali pale, hata mwenye taa na mwenye sauti, anajifunza kwenda kwa mwendo wa aliye mdogo kuliko wote.

Anayetaka kumwonyesha mtoto sharti apige magoti. Nimeona kwamba hii ndiyo Injili ya Marko 9 ikifanywa kwa mikono. Sasa tutazame filamu chache zilizofanywa kwa magoti hayo, tusikie zinatuambia nini sisi tuliokabidhiwa watoto.

Mwaka 1960 Andrei Tarkovsky alikuwa akimaliza masomo katika chuo cha filamu cha VGIK, Moscow. Filamu yake ya kuhitimu, yenye urefu wa dakika zisizofika hamsini, inaitwa kwa Kirusi Katok i skripka, yaani Rola na Fidla. Aliandika mswada wake pamoja na mwanafunzi mwenzake, Andrei Konchalovsky. Ni habari ya mvulana aitwaye Sasha, kama miaka saba hivi, anayejifunza kupiga fidla. Wavulana wa mtaani kwao wanamwonea kwa sababu ya hiyo fidla. Mwalimu wa muziki anamkatiza kila anapoanza kuingia kwenye wimbo, maana anamwona ana ndoto nyingi kuliko nidhamu. Siku hiyo anapata rafiki asiyetarajiwa: Sergei, dereva wa rola linaloshindilia lami. Sergei anamruhusu Sasha aendeshe lile dude. Wanakula pamoja mkate na maziwa. Sasha kwa hasira anautupa mkate, na Sergei anamwonya kama baba anavyomwonya mwanawe, bila kumdhalilisha. Baadaye mtoto anampigia fidla yake, na yule fundi anasikiliza kwa moyo wote. Kisha wanaahidiana kwenda sinema jioni.

Jioni mama anakataa. Kwake yeye huyo Sergei ni mtu asiyejulikana, na mama ana haki ya kuogopa. Sasha anaandika ujumbe kwenye karatasi, anaikunja iwe ndege, anairusha dirishani. Ndege inaanguka, na Sergei aliyesimama chini haioni. Anangoja, kisha anaondoka kwenda sinema na mtu mwingine, labda akidhani kwamba mtoto amesahau.

Katika filamu hii hakuna mtu mbaya. Mama anatimiza wajibu wake. Mwalimu anataka mwanafunzi ajue kupiga kwa mpangilio. Sergei amengoja. Na bado mtoto anabaki na jeraha, na hakuna hata mmoja wa wakubwa wale anayejua kwamba limetokea. Ndugu zangu, tunapozungumza juu ya kuwaumiza watoto, fikra zetu huenda haraka kwa mlevi na mkatili. Ni sawa kuwafikiria hao, na sheria iwafuate. Lakini sehemu kubwa ya yale yanayobaki moyoni mwa mtoto hutoka kwa watu wema waliokuwa na haraka. Ni ahadi iliyotolewa kwa nia njema na kupitwa na shughuli. Ni “subiri kidogo” ambayo haikuisha. Sisi tunaliita jambo dogo. Mtoto hana jambo kubwa zaidi la kulilinganisha nalo.

Tarkovsky mwenyewe alijua kungoja. Baba yake, mshairi Arseny Tarkovsky, aliiacha familia Andrei akiwa bado mtoto mdogo, na mama akawalea watoto akifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji. Katika hadithi ya Sasha baba haonekani. Miaka kumi na mitano baada ya filamu ile ya chuoni, mwaka 1975, akiwa tayari mwongozaji mwenye jina, alirudi tena utotoni mwake katika filamu aliyoiita Zerkalo, Kioo. Mtu anaweza kusifiwa na dunia na bado akawa anarudi kuuliza juu ya nyumba aliyokulia.

Twende Uskoti. Lynne Ramsay alizaliwa Glasgow mwaka 1969 na kusomea filamu katika chuo cha taifa cha filamu na televisheni cha Uingereza. Filamu yake ya kuhitimu, Small Deaths, ina dakika kama kumi na moja tu, nayo ilipata tuzo ya majaji wa filamu fupi kule Cannes mwaka 1996. Ina vipande vitatu vya maisha ya msichana mmoja anayekua. Katika kipande cha kwanza, mtoto anamtazama mama yake akimchana baba nywele kabla baba hajatoka usiku. Ni hivyo tu. Hakuna anayepiga kelele. Lakini kamera inakaa na mtoto, na kwa uso wake tunaelewa kwamba anajua zaidi ya anavyodhaniwa kujua. Katika kipande cha pili watoto wanakuta ng’ombe aliyeumizwa kondeni, na furaha yao ya kukimbia inakatika. Ramsay aliona kwamba maisha ya mtoto yana misiba yake isiyotangazwa wala kuandaliwa matanga.

Alipotoka chuoni aliendelea na njia hiyohiyo katika filamu fupi nyingine, Gasman, iliyopata tena tuzo ya majaji kule Cannes mwaka 1998. Ni Krismasi. Baba anawachukua watoto wake wawili kwenda kwenye sherehe, wakitembea kando ya reli. Njiani wanakutana na mwanamke mwenye watoto wawili, naye anamkabidhi baba watoto hao waende wote. Huko kwenye sherehe binti anamwona yule msichana mwingine akimzoea baba yake kupita kiasi, akimwita baba, na polepole anaelewa lile ambalo hakuna mtu mzima aliyemwambia. Wakati wa kurudi, zile familia mbili zinaachana tena pale relini. Binti anaokota jiwe. Analishika. Kisha anaacha lidondoke.

Hapa mwanafunzi wa Biblia hawezi kupita bila kusimama. Yohana 8 inatusimulia kundi la wazee wa dini waliokuwa tayari kumpiga mwanamke kwa mawe, na jinsi walivyoondoka mmoja mmoja baada ya Bwana kusema nao. Wao walihitaji neno la Yesu ili waachilie mawe yao. Mtoto huyu wa kwenye filamu hakuwa na mwalimu pale. Alikuwa na haki ya kuwa na hasira, alikuwa na jiwe, na mbele yake alimwona mtoto mwenzake ambaye naye hakuwa amechagua lolote. Sitaki kuigeuza filamu ya Ramsay kuwa mahubiri. Yeye hakuitengeneza kwa ajili hiyo. Nasema tu kwamba nimeona ndani yake rehema ambayo sisi wakubwa tunaipigania kwa miaka, na baba aliyesababisha yote anatembea mbele bila kujua kilichotokea nyuma yake.

Kuna familia katika sharika zetu zenye habari kama hii. Watoto wa baba mmoja hukutana kwa mara ya kwanza siku ya mazishi yake, kila kundi likisimama upande wake wa kaburi, wakitazamana. Wachungaji wenzangu wanajua uzito wa siku hizo. Kila mara nimetamani wakubwa wangesema kweli mapema, kwa upole na kwa kiasi ambacho umri wa mtoto unaweza kubeba, kuliko kumwacha mtoto aikusanye kweli hiyo vipande vipande kwa macho yake. Mtoto asiyeambiwa hakosi kujua. Anajua akiwa peke yake, na upweke huo ndio unaomjaza mawe mkononi.

Mskoti mwingine, Bill Douglas, alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Newcraighall, karibu na Edinburgh. Alilelewa na bibi yake katika umaskini mkubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri mkubwa kiasi kuliko wanafunzi wengine, alijiunga na shule ya filamu London, na kutoka hapo akaandika habari za mvulana aitwaye Jamie, ambaye kwa kweli ni yeye mwenyewe. Filamu iliyozaliwa, My Childhood, ilitoka mwaka 1972, ikafuatiwa na nyingine mbili. Mtoto aliyeigiza kama Jamie hakutoka kwenye shule ya maigizo. Douglas alimkuta kituoni akingoja basi.

Filamu hiyo ni ngumu kuitazama. Kuna njaa, kuna baridi, kuna baba anayeishi jirani na hamtambui mwanawe. Lakini ipo picha moja ambayo ningependa kila mlezi aione. Jamie anamimina maji ya moto kwenye kikombe mpaka kinafurika. Anayamwaga. Kisha anakileta kile kikombe kitupu kilichopata joto na kuikunja mikono ya bibi yake juu yake, ili vidole vyake vipate moto. Hana chai ya kumpa. Ana joto tu, na hilo analitoa.

Methali yetu inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nayo ni ya kweli. Lakini Douglas anatuonyesha upande wa pili ambao methali haikuugusa: mtoto naye analea. Katika nyumba nyingi za kwetu mtoto wa miaka minane ndiye anayeangalia kama bibi amekula, ndiye anayejua dawa za mama ziko wapi, ndiye anayembembeleza mdogo wake wakati wakubwa wanagombana. Bwana aliposema kwamba anayempokea mtoto kwa jina lake anampokea yeye, hakuwa akizungumza juu ya kiumbe kinachopokea tu. Alikuwa akizungumza juu ya mtu anayetoa, na mara nyingi hutoa kutoka katika kikombe kitupu.

Karibu zaidi na kwetu, vijana wa Afrika Mashariki nao wameanza kushusha kamera. Mwaka 2004 mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mjini Kampala, mahali ambapo vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wamejifunza kuandika na kutengeneza filamu fupi. Na huko Nairobi, kwa mafunzo ya vitendo yaliyosimamiwa na mwongozaji Mjerumani Tom Tykwer, vijana wa Kenya walifanya kazi bega kwa bega na mafundi wenye uzoefu, na matunda yake yakawa filamu Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kutoka mwaka 2010. Sehemu kubwa ilipigwa Kibera, na wahusika wanazungumza Kiswahili chetu.

Abila, kijana wa miaka kumi na minne, anaamka na kumkuta baba yake amelegea, akisema roho yake imechukuliwa. Mtoto hakubali. Anatoka kwenda kuitafuta roho ya baba yake, na anapewa majaribu saba ya kutimiza. Filamu imejengwa juu ya hadithi za kale na habari za pepo aitwaye Nyawawa, na kwenye mambo hayo Mkristo ana imani yake na atapima. Lakini mtazameni mtoto. Mara ngapi tumeona Kibera, au Manzese, au mtaa wowote wa aina hiyo, ukionyeshwa kwa namna moja tu: mtoto mwenye nzi machoni, akingoja mgeni amhurumie? Vijana waliotengeneza Soul Boy hawakumwomba mtu amhurumie Abila. Walimpa njia za mtaa wake anazozijua, rafiki jasiri wa kike aitwaye Shiku, na kazi nzito ya upendo. Mtoto anamtafuta baba aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akina baba wanaosoma tafakari hii, ulevi unapowachukua, au simu, au uchungu wa kukosa kazi, kuna mtoto nyumbani anayeanza safari kama hiyo bila kuwaambia.

Kwa nini nimewaleta wageni wote hawa katika tafakari ya wiki? Kwa sababu wote wanashuhudia neno moja: mtoto ni shahidi. Biblia ilishatuambia. Kutoka 2 inasimulia jinsi mama yake Musa alivyomlaza mtoto kwenye kisafina kando ya mto, na dada yake akasimama kwa mbali ili ajue yatakayompata. Amri ya Farao ilikuwa juu ya wakubwa wote. Kila mtu alikuwa amefanya alichoweza na kuondoka. Aliyebaki pale akitazama ni msichana. Na kwa sababu alitazama, alijua wakati wa kujitokeza mbele ya binti Farao na kumpendekezea mlezi. Wokovu wa Israeli ulipita kwenye macho ya mtoto ambaye hakuyaondoa.

Basi neno la kwanza ni kwa wenye watoto, kwa walimu, kwa wahudumu wa shule ya Jumapili, kwa shangazi na wajomba. Tunaonwa. Hatuonwi na maadui wanaotafuta makosa, bali na watu wadogo wanaotupenda, na hilo linaongeza uzito. Mtoto hatakumbuka hotuba yako kuhusu uvumilivu. Atakumbuka ulivyomjibu mfanyakazi wa ndani siku umeme ulipokatika. Atakumbuka kama ulipiga magoti kusema naye au ulimsemesha ukiwa mlangoni, funguo mkononi. Vijana hawa wa filamu, baada ya miaka ishirini, wamerudi na mikono, viatu, sauti za chumba cha pili. Wamerudi na uso wa mama akimchana baba nywele. Ndivyo kumbukumbu ilivyo: inahifadhi yale tuliyoyafanya tukidhani hakuna anayeangalia.

Neno la pili ni kwa wale ambao utoto wao ni mahali wasipotaka kurudi. Najua mko wengi, na wengine mmeshika nafasi za heshima kanisani. Kuna mafundisho yanayowaambia msahau, kwamba aliye ndani ya Kristo haangalii nyuma. Nisikilizeni kwa upole. Mwanzo 21 inasimulia habari za Hajiri na mwanawe jangwani, maji yakiwa yamewaishia. Mama alimweka mtoto chini ya kichaka akaenda kuketi mbali, kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona akifa. Hata mama mwenye upendo alifika mahali pa kugeuza uso. Na andiko linasema kwamba Mungu alisikia sauti ya kijana. Yule ambaye mama yake hakuweza tena kumtazama, Mungu alikuwa akimsikia pale pale alipolazwa.

Hii ndiyo faraja yangu kwenu. Hapakuwa na siku hata moja ya utoto wako isiyokuwa na shahidi. Jioni ile uliyongoja na hakuja mtu, Mungu alikuwapo. Siku ile uliyoelewa jambo ambalo hukuambiwa, alikuwapo, na aliliona jiwe mkononi mwako. Kurudi kutazama, ukiwa pamoja naye, si ukosefu wa imani. Tarkovsky, Ramsay na Douglas walirudi wakakuta huko wakubwa waliokuwa wachovu, waoga, waliojeruhiwa wao wenyewe, na wakawatazama kwa macho ya kweli yasiyo na chuki. Kama sanaa inaweza kumfikisha mtu hapo, je, sala haitafika? Tena usiende peke yako. Mtafute mchungaji, mtafute mzee wa kanisa mwenye siri, au mshauri aliyesomea kazi hiyo, useme yale ambayo mtoto yule hakupata wa kumwambia.

Neno la tatu ni fupi, nalo ni kuhusu kamera tulizo nazo mifukoni. Siku hizi kila mmoja wetu ni mpiga picha. Kabla hujamrekodi mtoto, shusha mkono, piga magoti, na jiulize kama picha hii unamfanyia yeye au unajifanyia mwenyewe. Mtoto anayelia baada ya kuchapwa hapaswi kuwekwa kwenye makundi ya simu ili watu wacheke. Mtoto wa kituo cha kulelea anayepokea daftari na sabuni ana haki ya kupokea bila kupangwa foleni mbele ya bango la mfadhili. Atakua, ataiona picha ile, na atajua tulimwona kama nani. Nawaomba pia viongozi wa vijana: badala ya kuwalalamikia vijana kwa sababu ya simu zao, wapeni kazi. Waambieni watengeneze filamu ya dakika tano juu ya utoto wao au wa wazazi wao, waihariri kwenye simu hizohizo, kisha siku moja baada ya ibada usharika ukae na kutazama. Wakubwa wasitoe hotuba siku hiyo. Watazame, kisha waulize.

Na kwa wiki hii, kila mmoja wetu achague mtoto mmoja, awe wake au wa jirani, aketi naye chini, kwenye mkeka au kwenye ngazi, amwombe amsimulie siku yake, asimkatize wala kumsahihisha. Akisema jambo linaloumiza, usijitetee. Mshukuru kwa kukuambia.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyelala horini na kukua katika nyumba ya fundi, wewe unaijua dunia toka chini inavyoonekana. Tusamehe kwa ahadi tulizozipita kwa haraka zetu. Tupe magoti mepesi ya kushuka mpaka walipo wadogo wetu, na masikio ya kusikia wanayoyasema bila maneno. Waponye wale ambao utoto wao bado unawauma, uwashike mkono wanaporudi huko, uwape nguvu ya kuachilia mawe. Wabariki vijana wanaojifunza kusimulia kwa picha, wakaseme kweli kwa upendo. Na katika kila nyumba yetu, uendelee kumsimamisha mtoto katikati, mpaka sote tujifunze ukubwa kwako. Amina.